Maswali ya Wasomaji: Nyaraka za Biashara Zikae Wapi Ili Zidumu?

Swali: Habari za kazi wahariri. Tunakamua alizeti Kizota, hapa Dodoma. Tuna kama GB 600 za mahesabu tangu 2014, mikataba ya wakulima na karatasi za mizani zilizoskaniwa. Fundi wetu anashauri tuhamishie kila kitu kwenye SSD moja (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) na kuifungia kabatini. Mwingine anasema tununue mashine ya tepu. Tunataka data ikae miaka 10. Tumsikilize nani?

Jibu: SSD msiifungie kabatini. SSD na flashi hushika data kwa chaji ya umeme iliyomo ndani ya seli zake, na kifaa kikikaa bila umeme chaji hiyo huvuja polepole. Joto huongeza kasi ya kuvuja. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya vifaa vya kielektroniki, kinaitaka SSD ya kompyuta ya kawaida iliyokwishatumika hadi ukomo wake ishike data mwaka 1 tu bila umeme, kwenye nyuzi 30. Mpya hushika zaidi ya hapo, lakini stoo ya bati mwezi Oktoba hapa kwetu huzipita nyuzi 30 mapema tu. SSD ibaki kwenye kompyuta ya kazi.

Tepu ni nzuri, ila si kwa GB 600. Kanda moja ya LTO-9 (kizazi cha 9 cha tepu za kuhifadhia data) hubeba TB 18, yaani GB 18,000. Kwenu hiyo ni sawa na kukodi fuso kubeba debe moja la mahindi. Kanda yenyewe ni nafuu, ghali ni mashine ya kuisomea. Isitoshe, mashine ya LTO-9 haisomi kanda za LTO-7, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa mtahitaji mashine nyingine au kuhamisha data upya.

Nunueni eksteno 2 za diski inayozunguka (HDD), TB 2 kila moja, za watengenezaji tofauti, ili kasoro moja ya kiwandani isiziue zote. Moja ikae ofisini, nyingine jengo jingine kabisa. Chumba cha pili hakisaidii moto ukizuka. Kila moja iwekwe kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika zinazofyonza unyevu, kwa sababu ya vumbi la kiangazi na unyevu wa masika. Nakala ya tatu iwe kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Kwa intaneti inayopandisha Mbps 5, GB 600 zitachukua siku 11 mchana na usiku, basi anzeni na mahesabu na mikataba, picha zifuate.

Diski isibaki imechomekwa. Kirusi cha kudai fidia kikiingia kwenye kompyuta hufunga na faili za diski iliyochomekwa, na umeme unaporudi kwa kishindo huweza kuiunguza. Chomekeni kompyuta ikiwa kwenye UPS (betri ya akiba), nakilini, ondoeni kwa amri ya kutoa kifaa, ndipo mchomoe.

Kunakili peke yake hakutoshi. Fungeni faili za kila mwezi kuwa zip moja, kisha kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt) andikeni:

certutil -hashfile mauzo-2019-03.zip SHA256

Mtapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64, ambao ni kama alama ya kidole ya faili hilo. Uhifadhini kwenye faili la maandishi na mwuchapishe pia. Kila baada ya miezi 6 chomekeni diski, rudieni amri, linganisheni. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika: lichukueni kutoka nakala nyingine siku hiyohiyo. Diski zikifika miaka 5 zibadilisheni hata kama zinafanya kazi.

Sasa jambo linaloumiza wengi. Nakala rudufu inayotolewa na programu ya mahesabu kwa kawaida hufunguliwa na programu hiyohiyo tu, pengine toleo lilelile. Leseni ikiisha, mnabaki na faili zima lisilosomeka. Kila mwisho wa mwaka toeni leja zote kwa CSV (jedwali la maandishi matupu) na ripoti kwa PDF/A (PDF ya kutunzwa muda mrefu), kisha mzifungue kwenye kompyuta isiyo na programu hiyo. Zikifunguka hapo, mko salama.

Swali: Nauza mahindi Kibaigwa. Nyaraka zangu zote zipo Google Drive kwenye simu. Hiyo haitoshi?

Jibu: Haitoshi, ndugu yetu. Drive hufuata unachofanya: kijana wa dukani akifuta folda, inafutika kila mahali, na kapu la takataka husafishwa baada ya siku 30. Akaunti binafsi isiyotumika miaka 2 nayo inaweza kufutwa. Endelea kuitumia, lakini kila mwezi shusha nakala kwenye eksteno, na namba ya simu ya kurejesha akaunti iwe yako, si ya kijana.

Swali: Risiti za EFD za miaka 3 iliyopita zimekuwa nyeupe. Zinarudishwaje?

Jibu: Karatasi hiyo huandikwa kwa joto, na joto, jua na mifuko ya plastiki laini huifuta. Iliyokwisha kupauka usiitegemee. Omba nakala kwa muuzaji. Kuanzia sasa skani risiti wiki hiyohiyo kwa dpi 300, na jina la faili lianze na tarehe, mfano 2025-03-14-mafuta. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka nyaraka zitunzwe angalau miaka 5, kwa hiyo karatasi yenyewe usiitupe: iweke kwenye bahasha ya khaki, mbali na dirisha.