Jibu: Kwa nini wanafunzi wa afya hujitibu wenyewe?

Ndugu, umeuliza kwa nini wanafunzi wa udaktari, ufamasia na uuguzi hapa Dar es Salaam, wanaofundishwa madhara ya dawa, ndio hao hao wanaojinunulia dawa bila kumwona daktari. Kwa maoni yangu, elimu yenyewe ni sehemu ya sababu: aliyekwisha kusoma famakolojia, yaani elimu ya dawa, hujiona anaijua dawa, akasahau kwamba kuijua dawa si sawa na kuujua ugonjwa. Foleni za kliniki nazo huchangia, ila kwa kiasi kidogo.

Hatari kubwa iko kwenye kuchanganya. Mwenye mafua humeza vidonge viwili vya parasetamo vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, na hapo tayari amefikisha gramu 4 kwa siku, kiwango cha juu kwa mtu mzima. Kisha huongeza dawa ya mafua ambayo mara nyingi nayo ina parasetamo ndani yake, na ini ndilo linaloelemewa. Vivyo hivyo diklofenaki juu ya ibuprofeni: ni dawa za maumivu za kundi moja, na anayezimeza pamoja hujiongezea madhara ya tumbo na figo kuliko nafuu.

Kuhusu homa, kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya nusu saa, kwa hiyo sioni sababu ya kumeza dawa mseto ya malaria kwa kubahatisha. Antibayotiki (dawa za kuua bakteria) kama amoksilini, kwa utaratibu, hutolewa kwa cheti cha daktari, ingawa, tuseme ukweli, wauzaji wengine hawakiulizi.