Yaya Anajibu: Mukono Unaomba, Mdomo Unagombana

SWALI

Jambo Yaya. Mi niko mama wa miaka 36, nakaa Katuba hapa Lubumbashi. Nilifundisha primere miaka 11, sasa tangu mwaka jana nimeingia kwa shirika moja ya watoto, ASBL ndogo tu, haitafute faida, tuko na watoto 27 wanalala pale, wengine walitoka barabarani kule soko ya komini ya Kenya, hapahapa mujini. Kazi yangu njo kutafuta makuta, pesa ya kuendesha nyumba, na tena kufanya pledoyer, kusemea watoto kwa wakubwa. Zamani kulikuwa mufadhili mumoja wa inje alikuwa analipa karibu yote, 2025 akakata, na wee unajua ile mwaka misaada ya inje ilikatika kwa mashirika mengi. Sasa komite wananiambia vitu viwili. Kwanza nipige picha ya watoto wakiwa wachafu wanalia niweke WhatsApp na Facebook, ati mutoto anayecheka haleti makuta. Pili ninyamaze na mambo ya haki, juu watu wa mine, kampuni za kuchimba madini, na watu wa komini, serikali ya mutaa, njo wale tunataka watusaidie, utaomba mutu leo na kesho umushitaki? Yaya, usiku silali. Nifanye nini?

Mama Mwalimu, Katuba

JIBU

Mama Mwalimu, mudogo wangu, picha kwanza, na hapo sina maneno mengi: hapana.

Mi mwenyewe nilifanya ile makosa. Kabla ya hii kazi ya kuandika nilikuwa kwa shirika moja, tukatoa kalendrie, mwezi wa 6 tukaweka kijana wa miaka kama 8, kamasi imeshuka mpaka mdomoni, shati imepasuka begani. Kalendrie iliuzika sana, sitakudanganya. Miaka ikapita, siku moja kijana murefu anaingia biro, ameshika ile karatasi ya mwezi wa 6 imekunjwa mara ine, inanuka mafuta, mama mumoja sokoni alikuwa anafungia watu kalanga ndani. Wenzake wa sekondere walikuwa wanamuita "Juni" mwaka muzima. Hakutukana. Aliuliza tu kama ziko zingine. Sikujua, na mpaka leo sijui.

Kama komite wanataka sheria, waambie Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, Congo iliuridhia 1990, kifungu cha 16 kinalinda maisha ya siri ya mutoto na heshima yake. Piga picha ya sufuria. Piga saka ya unga imebaki chini, resu (risiti) ya duka, bati inayovuja. Na weka hesabu pembeni. Kilo 25 za unga kwa watoto 27 naona ni siku mbili, tatu kama mpishi amebana. Ukiandika "saidieni yatima" mutu anatoa 500 franka anaendelea na safari yake, lakini ukiandika "saka moja ni bugari (ugali) ya siku mbili, tumekosa saka ine kufikia mwisho wa mwezi" mutu anajua ni siku gani yeye njo amelisha, na mwezi unaofuata atakuuliza mwenyewe saka zilifika.

Angalia na tarehe pia. Omba kati ya tarehe 27 na tarehe 3, wakati watu wamelipwa, juu tarehe 15 hata pasta mwenyewe anakopa. Na unga ununue mwezi wa 5 ao wa 6 mahindi imetoka, usingoje mwezi wa 1, mvua inanyesha, kamio (malori) zimekwama Kasumbalesa kwa mupaka wa Zambia na bei imepanda juu ya nyumba. Bahasha za kanisani zifungulie mbele ya watu wawili, andika kwa kaye, daftari ya hesabu, wote watatu mutie sahihi. Na ujiandae, dola zingine utazikuta zimepasuka kona, zile wauzaji sokoni wamekataa, watu wanazimalizia kwa Mungu.

Sasa hii ya kunyamaza. Hapa komite wako wanachanganya sadaka na deni. Kode ya mine, sheria ya madini, ya 2002 ilibadilishwa mwezi wa 3 mwaka 2018, na mule ndani kampuni inayochimba inapaswa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa pale mine inapowagusa. Tena kuko redevanse, ile malipo kampuni inalipa juu ya madini inayochimba: 50% inaenda serikali ya Kinshasa, 25% provense, 15% komini ao sekta ao shefferi (eneo la shefu wa kienyeji) penye mine iko, 10% fonde (mufuko) ya vizazi vijavyo. Mutu akiuliza ile 15% ilijenga darasa gani hajamushitaki mutu, ameuliza hesabu. Ila usijidanganye, ile makuta haitaingia kwa sanduku yenu ya pesa, na isiingie. Pledoyer yako pale ni watoto waandikwe ndani ya kaye de sharje, ile mapatano ya maandishi ya kampuni na watu wa pale: shule, mayi, dispansere, na kama nyumba yenu iko mbali na mine basi unaenda kusemea watoto wa wengine, njo kazi uliyokubali.

Kampuni ikikuletea saka 50, pokea. Andika barua ya shukrani, idadi ya saka, tarehe, na mustari mumoja kwamba kazi yenu ya kusemea watoto inaendelea vilevile. Wakirudisha saka juu ya ule mustari, basi ujue walikuwa wananunua kofuli ya mdomo. Mi nategemea zaidi wafanyakazi wenyewe, mashineri, dereva, mama wa kantini, dola 5 kila mwisho wa mwezi kwa M-Pesa ao Airtel Money. Mufadhili mumoja akikata unalia, watu 60 mumoja akikata haujui hata ni nani.

Na kama uko na woga wa kuanza na mine, anza na akte ya kuzaliwa. Hesabu kesho asubuhi, kwa watoto 27 wangapi wako nayo? Sheria inasema mutoto aandikishwe ndani ya siku 90 na ni bure, zikipita lazima hukumu ya tribinali, hapo safari na makuta inaanza. Andikia komini barua, omba ajenti wa eta sivili, mwenye kuandikisha vizazi, akae kwa materinite, penye wamama wanazalia, siku moja kila wiki. Hakuna mukubwa atakayekasirika na barua kama ile, na wewe utakuwa umejifunza kusema mbele yao bila kutetemeka.

Peleka kopi mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wapige kashe (muhuri) na tarehe mbele ya macho yako, hata kama sekretere anakwambia rudi kesho, wewe kaa pale kwa benchi.