Nyoka watatu, chumba kimoja

MASWALI YA WASOMAJI: WANYAMA WA NYUMBANI

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari hapa Dodoma na nimepanga nyumba Nkuhungu. Kwa kibali nilichopewa kwa ajili ya kufundishia, ninafuga nyoka wa nyumba wa kahawia, jike, ambaye anaishi katika kizimba cha mbao chenye kioo upande wa mbele. Sasa nimeruhusiwa kuongeza dume wa aina hiyo hiyo pamoja na chatu mchanga ambaye bado hajafikia urefu wa mita moja. Chumba cha ziada ninacho kimoja tu, nacho kina paa la bati lisilo na dari. Je, naweza kuwaweka wote humo? Na kwa kuwa vizimba ni gharama, kuna ubaya gani hao nyoka wa nyumba wawili wakikaa pamoja, ikiwa nimeona picha nyingi za nyoka waliolala wamejikunja kama ndugu? Mwalimu, Nkuhungu.

JIBU: Mwalimu, salamu zako zimefika. Chumba kimoja kinawezekana, lakini kizimba kimoja hakifai, hata kwa hao wawili wa aina moja.

Nianze na hizo picha. Nyoka wawili wanaolala wamejikunja pamoja kwa kawaida wanagombea kitu kimoja, ama sehemu yenye joto ama maficho, na ugomvi wao hauna kelele wala kuumana, ndiyo maana mfugaji hudhani wanapendana. Mwenye nguvu hukalia mahali pazuri, mnyonge hubaki kwenye baridi, na kwa kuwa nyoka hawezi kusaga chakula vizuri bila joto la nje, huyo mnyonge huanza kukataa kula au kutapika alichokula, akakonda taratibu huku mwenye nyumba akiamini kuna amani. Nyoka wa nyumba hawaishi kwa familia wala kundi, na upweke si adhabu kwao.

Kwa dume na jike kuna tatizo la ziada. Jike wa aina hii anaweza kutunza mbegu za dume mwilini na kutaga zaidi ya mara moja baada ya kupandwa, na akikaa na dume mwaka mzima hutaga mfululizo hadi uti wa mgongo unajitokeza chini ya ngozi. Zaidi ya hayo, mayai yakianguliwa utakuwa na nyoka ambao huenda kibali chako hakiwataji, kwa hiyo ukitaka kuwazalisha, zungumza kwanza na afisa wanyamapori, kisha uwakutanishe kwa siku chache na kuwatenganisha tena. Habari ya chakula hata sipendi kuieleza kirefu: nyoka wawili wakimkamata panya mmoja, mmoja kichwani na mwingine mkiani, kila mmoja huendelea kumeza mpaka vinywa vikutane, na anayeendelea kumeza humwingiza mwenzake pia. Mara nyingi wote wawili hufa.

Tuje sasa kwenye chumba chenyewe, ambacho naona ndicho kiini cha swali lako ingawa hukuliuliza hivyo. Ukishawatenganisha nyoka kwa mbao na kioo, bado kuna vitu wanavyoshirikiana, yaani joto, hewa, harufu na mikono yako.

Joto la Dodoma linadanganya. Wageni hudhani huku ni jua mwaka mzima, kumbe mji uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai nyuzijoto huteremka hadi 14 hivi. Nyoka wa nyumba anahitaji upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 30 hadi 32 na upande wa pili 24 hivi, ili achague mwenyewe pa kukaa. Chatu anahitaji joto zaidi kidogo pande zote mbili. Usijaribu kukipasha chumba kizima, kwa sababu utamridhisha mmoja na kumuumiza mwingine. Kila kizimba kiwe na chanzo chake cha joto, chenye themostati yake, yaani kifaa kinachokizima joto likizidi, na kipimajoto kikae pale nyoka anapolala, si ukutani ambako hakuna nyoka. Balbu isiwe wazi ndani ya kizimba, kwani nyoka hujizungusha juu yake na kuungua tumbo bila kuondoka.

Oktoba na Novemba hatari hugeuka. Chini ya bati lisilo na dari hewa ya moto hukusanyika juu, na kizimba kilicho kwenye rafu ya juu kinaweza kupita kile cha chini kwa nyuzi kadhaa katika chumba hicho hicho. Pima kwa siku chache, saa 8 mchana na saa 11 alfajiri, kabla ya kuamua nani akae wapi. Kwa kawaida chatu atastahimili juu na nyoka wa nyumba watapendelea chini, lakini kipimajoto kikikaribia 38 popote pale, hakuna nyoka wa kukaa hapo. Dari, hata ya bodi nyepesi, itakusaidia kuliko kifaa chochote utakachonunua, kama mwenye nyumba ataridhia.

Umeme ukikatika usiku wa baridi, funga chupa za maji ya moto kwa kitambaa kinene uziweke ndani ya kizimba upande mmoja, kisha funika kizimba kwa blanketi ukiacha tundu la hewa. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kwa dakika chache, kwa maana gesi yake huua nyoka na huua watu pia. Dawa ya mbu ya kupuliza na ile ya kuchoma nazo zikae mbali na chumba hicho, kwani sumu inayomwangusha mbu humpata nyoka pia na hudumu katika hewa iliyofungiwa. Weka wavu dirishani badala yake.

Kuhusu ukavu, kumbuka kwamba kuanzia Mei hadi Novemba karibu hatupati mvua. Nyoka wa nyumba atavumilia akiwa na bakuli la maji safi, lakini chatu hushindwa kujivua gamba vizuri hewa ikikauka mno. Mwekee kisanduku cha plastiki chenye tundu la kuingilia na kitambaa kilicholoweshwa ndani yake, ukibadilishe kitambaa kila siku mbili kabla hakijaota ukungu. Gamba likitoka vipande vipande, mwangalie macho, kwa sababu utando wa jicho ukibaki unahitaji kulainishwa kwa unyevu na si kubanduliwa kwa kucha.

Harufu ndiyo inayowashangaza wengi. Nyoka hunusa kwa ulimi, na panya mmoja akiingia chumbani vizimba vyote vitatu vitajua. Usimlishe mmoja kisha ukafungua kizimba cha jirani kwa mkono mtupu kubadilisha maji, kwa kuwa mkono wenye joto na harufu ya panya, mbele ya nyoka aliyekwisha kuamshwa na njaa, ni chakula. Tumia koleo ndefu, lisha mmoja hadi amalize, nawa, ndipo uende kwa mwingine. Baada ya hapo waache siku mbili bila kuwashika. Panya awe ameshakufa, maana panya hai aliyeachwa humo huweza kumng'ata nyoka asiye na njaa hadi kumjeruhi vibaya. Dume naye anaweza kususa kula kwa majuma kadhaa akinusa jike chumbani, akazunguka kizimba usiku kucha akisugua pua kwenye kioo. Mwekee maficho mawili, ziba kioo kwa karatasi upande unaomkabili jike, na mpime uzito. Akipungua sana muone daktari wa mifugo.

Sasa naomba uwe na subira, kwa sababu hapa ndipo wafugaji wengi hupoteza nyoka. Hao wageni wawili wasiingie katika chumba hicho kwanza. Wakae miezi 3 mahali pengine, hata kama ni kona ya sebule yenye mlango wa kufunga, na kila mmoja awe na kizimba, bakuli na koleo yake. Nyoka anaweza kubeba magonjwa ya mapafu na ya tumbo kwa muda mrefu bila dalili, na aina ya chatu hupata virusi ambavyo dawa yake haijapatikana. Katika miezi hiyo msikilize: akipumua kwa mlio, akiwa na povu kando ya mdomo, au akiinua kichwa juu kama anayetafuta hewa, ni mgonjwa hata kama anakula.

Adui mkubwa zaidi ni utitiri wa nyoka, mdogo kuliko kichwa cha pini, mweusi, ambaye hutembea kutoka kizimba hadi kizimba bila kuhitaji msaada wako, ingawa mara nyingi hupewa lifti na mkono wa shati. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, mfute nyoka kutoka shingoni hadi mkiani, kisha kitazame kitambaa juani kwa dakika moja. Vitone vyeusi vikianza kutembea, unao. Tazama pia sakafu ya bakuli la maji, ambako huonekana wamezama kama chembe za pilipili manga, na mikunjo iliyo chini ya kidevu na kuzunguka jicho. Nyoka anayelala ndani ya bakuli kutwa nzima huenda anajaribu kuwazamisha. Ukimkuta mmoja, hesabu kwamba vizimba vyote vya chumba hicho vimeambukizwa, uvitibu vyote siku moja kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, kwa kuwa dawa ya kuku ikitumiwa kwa kukisia humuua nyoka kabla ya utitiri. Matandiko yachomwe. Kwa sababu hiyo napendelea magazeti kuliko maranda, kwani hubadilishwa haraka na huonyesha kila kitone. (Kurasa za jarida hili hazifai, zinang'aa na hazifyonzi kitu.)

Utaratibu wa kila siku uende upande mmoja tu: anza na jike wako wa siku zote, malizia na wageni, usirudi nyuma mpaka umenawa kwa sabuni na kubadilisha nguo ya juu. Paka mabakuli na koleo rangi ya kucha, nyekundu kwa huyu, bluu kwa yule, ili hata mtu atakayekusaidia ukisafiri asivichanganye. Vyombo hivyo visioshwe kwenye karo la jikoni, kwani nyoka mwenye afya kamili anaweza kubeba bakteria wa salmonela, ambao ni hatari hasa kwa watoto walio chini ya miaka 5.

Mwisho, chatu. Leo hajafika mita moja, lakini chatu wetu wa Afrika hupita mita 3, na wengine 4. Jiulize sasa ni wapi atahamia, kwa sababu chumba hicho hakitamtosha yeye na wenzake, na akishakuwa mkubwa asishikwe na mtu mmoja peke yake. Kila kizimba kiwe na kufuli, na mlango wa chumba uwe na kizuizi chini yake.

SWALI: Jirani yangu hapa Mpwapwa anafuga nyoka wawili katika chumba kinachopakana na ukuta wangu. Watu wanasema harufu yao itawaita nyoka wa porini, na kwamba tukimuua mmoja mwenzake atakuja kulipiza. Je, ni kweli? Mama wa watoto wanne, Mpwapwa.

JIBU: Mama, habari ya kulipiza kisasi haina ukweli wowote, kwa kuwa nyoka hana ndoa wala kumbukumbu ya aina hiyo. Kuhusu harufu, nyoka dume hufuata njia aliyopita jike juu ya ardhi, na jike aliyefungiwa kizimbani haachi njia uani kwako. Kinachowaleta nyoka majumbani ni panya, kwa hiyo mwulize jirani anawaweka wapi panya wa chakula na kama punje zao zinamwagika nje. Mwombe pia achome magamba na matandiko machafu badala ya kuyatupa jalalani.

Mwombe akuonyeshe kibali. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi, na hakuna anayeruhusiwa kumwokota nyoka shambani akamfanya wake. Vibali husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, na afisa wanyamapori wa wilaya atakuelekeza. Muulize jirani ni nyoka wa aina gani, wala usikubali maelezo ya kwamba mboni ya duara ni dalili ya nyoka asiye na sumu, kwani koboko na swila wana mboni za duara, ilhali nyoka wa nyumba, asiye na sumu, ana mboni ya wima. Ikiwa ni kifutu, swila au koboko, usijadiliane naye ukutani. Nenda moja kwa moja ofisi ya wanyamapori, na watoto wasiingie katika ua huo mpaka maofisa wafike.