Mwambie mwongozaji ukweli: siku yangu ya pili Breithorn

Wiki iliyopita mdada mmoja anayesoma Munich aliniandikia: "Dada, nimeona picha yako kileleni. Nataka kwenda Agosti. Mtu wa kawaida kama mimi ataweza?" Nilianza kumjibu kwa sentensi mbili, nikajikuta nimejaza ukurasa. Basi jibu liwe la wote, maana najua wengi mnaoishi huku mna hamu hiyohiyo.

Kilele chenyewe ni Breithorn, mita 4,164, juu ya mji wa Zermatt, Uswisi, mpakani na Italia. Kinahesabiwa miongoni mwa vilele vyepesi kuliko vyote vinavyozidi mita 4,000 katika milima ya Alpi. Sababu ni moja: gari la nyaya linakupandisha mpaka Klein Matterhorn, mita 3,883, na kilichobaki ni kama saa mbili za kutembea kwenye theluji. Neno hilo "chepesi" ndilo lililoniponza.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Nimekua nikiuona Kibo alfajiri mawingu yakifunguka, na mjomba wangu alikuwa mpagazi miaka mingi. Lakini mwenyewe sijawahi kupanda hata mpaka Mandara, kituo cha kwanza cha kulala. Mwaka jana nilipolipia safari ya siku moja pamoja na wenzangu wa kazini, nilijigamba wiki nzima: kwetu kuna mita 5,895, hiki ni nini?

Tulitoka Zürich saa tisa usiku. Gari tuliliacha Täsch, kwa sababu Zermatt magari ya mafuta hayaingii, tukamalizia kwa treni. Kutoka mita 400 na kidogo za Zürich mpaka karibu 3,900 asubuhi moja, bila usingizi. Kichwa kilianza kugonga tukiwa bado ndani ya handaki la kutokea kwenye theluji. Mwongozaji alikuwa akikagua mikanda yetu ya kiunoni na vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya buti, mmoja mmoja, akiuliza: unajisikiaje? Nikamjibu: vizuri kabisa. Nilidanganya. Mtu wa Kilimanjaro aumwe kichwa kabla hajapiga hatua?

Tulivuka njia ya watu wa ski (huko wanateleza hata Julai), tukaingia kwenye uwanda mpana mweupe. Tulikuwa watano kwenye kamba moja. Chini ya theluji ile barafu ina nyufa, nyingine zimefunikwa huzioni, na ukitumbukia ni wenzako wanaokuzuia. Kwa hiyo hakuna anayeachwa nyuma peke yake. Mmoja akishindwa, kamba nzima inarudi. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Mwanzoni mwa mteremko wa mwisho nilitapika, nikakaa chini. Mwongozaji aliniangalia mara moja, akageuza kamba.

Kati yetu alikuwemo mzee aliyekuja kusherehekea kutimiza miaka 60. Hakusema neno. Njia nzima ya kurudi alikuwa mbele yangu, nami nikiangalia visigino vyake. Aliyesema ni mwenzangu wa kazini, ndani ya gari, mbele ya wote: "Nilidhani nyinyi mnazaliwa mlimani." Mpaka leo nikilikumbuka uso unawaka.

Mwaka huu nilirudi. Nililala Zermatt siku mbili. Siku ya kwanza nilipanda treni ya Gornergrat, mita 3,089, nikakaa huko saa tatu nzima nikinywa chai, nikashuka kulala. Asubuhi ya safari kichwa kiliuma tena, kidogo. Mwongozaji, mama wa makamo, akauliza swali lilelile katika handaki lilelile. Nikasema: kinauma hapa mbele, na mwaka jana nilitapika huko juu. Hakushtuka. Aliniweka nyuma yake kwenye kamba, akapunguza mwendo mpaka nikaona haya kwa walionifuata. Hatua, pumzi. Hatua, pumzi. Ndiyo ileile pole pole niliyoisikia kwa mjomba tangu nina miaka mitano, nami nikaidhani maneno ya kufurahisha wageni. Mteremko wa mwisho ni mkali kweli. Juu yake, Matterhorn upande wa magharibi, Monte Rosa mashariki, na Mont Blanc kwa mbali. Nililia, na sioni aibu kusema.

Kwa hiyo, mdogo wangu, utaweza. Lala Zermatt, usitoke nyumbani usiku ukapanda asubuhi. Nenda na mwongozaji aliyesajiliwa, usifuate nyayo za watu. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua usiache. Sisi nasi tunaungua, theluji inarudisha jua mpaka chini ya pua. Panda gari la nyaya la kwanza asubuhi, maana mchana theluji inalainika na zile nyufa zinakuwa hatari zaidi. Lakini kubwa ni kusema ukweli ukiulizwa. Sisi tulio ughaibuni tumezoea kujibu "niko sawa". Daktari akiuliza, niko sawa. Mama akipiga simu, niko sawa. Bosi akiongeza kazi, niko sawa. Jamani, tuache! Kwenye kamba uongo wako unawafunga watu wanne wengine, waliolipa, waliojiandaa, waliosubiri siku ile mwaka mzima. Sema kichwa kinauma. Sema umechoka. Mwongozaji atapunguza mwendo, au atakurudisha ungali na nguvu za kutembea.

Na weka siku moja ya akiba, kwa sababu ukungu ukishuka safari inaahirishwa. Ukishapata tarehe niandikie. Buti zangu ni namba 39, ngumu, zinashika vyuma vizuri. Zikikutosha nitakutumia.