Ijue metali kabla hujaisugua

Anayeanza kazi ya kung'arisha urembo wa nje wa gari huuliza kwanza polishi gani ni nzuri. Lakini kuna swali linalotangulia: unachotaka kukisugua ni kitu gani? Gari moja linaweza kuwa na bampa ya chuma yenye kromu, grili ya plastiki yenye kromu, mikanda ya madirisha ya alumini na urembo wa milango wa stenlesi. Kwa macho vyote vinafanana, ila dawa ya kimoja ni sumu ya kingine.

Anza na sumaku. Ikishika, kuna chuma. Lakini usikurupuke, maana baadhi ya stenlesi nazo hushika. Plastiki utaitambua kwa kuigonga na ukucha. Kwa alumini, tia tone la polishi ya metali kwenye kitambaa cheupe na usugue mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka cheusi tititi, hiyo ni alumini tupu. Kikibaki safi, juu yake kuna kinga: vanishi, au anodaizi, yaani tabaka gumu la oksidi lililooteshwa kwa umeme. Mwenye mita ya umeme aiweke kwenye mlio, yaani sehemu inayolia umeme ukipita, na kugusa taratibu kwa ncha zote mbili: alumini tupu hulia, yenye kinga hunyamaza.

Osha kwa shampuu ya gari, kausha, fanya kazi kivulini metali ikiwa imepoa. Bandika masking tepu tabaka mbili kwenye rangi, na kwenye mpira pia. Wengi husahau mpira, kisha weusi wa polishi huuganda na kuutoa ni shughuli.

Kromu ya juu ya chuma ni nyembamba mno, kwa kawaida chini ya mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kinachozuia maji hasa ni nikeli iliyo chini yake. Kutu unayoiona imepanda kutoka kwenye chuma kupitia vitundu, kwa hiyo msasa utamaliza kromu na kuiacha kutu. Chukua kipande cha foili ya alumini ya jikoni, kikunjekunje, kichovye majini, usugue kwa miduara midogo huku ukiongeza maji. Alumini ni laini kuliko kromu, ndiyo maana huondoa kutu bila kukwaruza. Vitundu vitabaki, hakuna polishi inayoviziba; vipake nta mara kwa mara maji yasiingie. Kromu inayobanduka iache, kingo zake hukata kama wembe. Ya plastiki haitaki zaidi ya shampuu, polishi laini na nta.

Kinachowatesa wageni wa kazi hii ni mikanda ya anodaizi yenye michirizi meupe kama maziwa. Kwanza hakikisha si chokaa ya maji: changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, gusisha kwa kitambaa kwa dakika moja tu, suuza. Michirizi ikibaki, tabaka limeliwa na sabuni kali ya alkali au dawa ya rimu yenye asidi, na hapo utapolisha mpaka kesho bila mabadiliko. Unabaki na njia tatu: kufunika kwa vinaili (plastiki nyembamba ya kubandika), kubadilisha mkanda, au kuondoa tabaka lote kwa msasa wa maji namba 600, kisha 800, 1000, 1500 na 2000, ndipo polishi ya kukata (yenye chembe kali) na ya kumalizia (laini). Kila ukibadili namba, badili mwelekeo wa mkono ili uione mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Isipokwisha yote usisonge mbele. Ukiruka namba, jua litakuumbua.

Wapo wanaotumia kostiki soda kuharakisha. Huondoa tabaka kweli, lakini haijui pa kuishia: huendelea kula alumini, na huchoma ngozi na macho. Mgeni aikwepe. Ajue pia kwamba mkanda mmoja ukishachunwa, mingine itaonekana tofauti, hivyo patana na mwenye gari juu ya mikanda yote kabla ya kulowesha msasa. Na ile ya mng'ao uliofifishwa kiwandani usiipolishe kabisa. Utaacha baka linalong'aa lisiloondoka.

Stenlesi haina taabu: msasa 1000, 1500, 2000, halafu polishi, ukimalizia kwa kufuata urefu wa kipande. Usitumie stili wulu ya kawaida, nyuzi zake hunasa na kuota kutu.

Mwisho futa mafuta ya polishi kwa spiriti nusu na maji nusu, paka nta nyembamba, ndipo ubandue tepu. Alumini iliyochunwa anodaizi haina tena kinga yake ya kiwandani, hivyo mwambie mwenye gari arudie nta kila baada ya miezi 2 au 3.