Mtumbwi uko Kirumba, kanzidata inautafuta Ukerewe

*Shikamoo fundi. Nina jedwali lenye rekodi laki nne za GPS za mitumbwi. Nimeweka indeksi ya latitudo na nyingine ya longitudo, lakini kutafuta iliyo karibu na Mwaloni kunachukua sekunde tisa. (Msomaji, Kirumba, Mwanza)*

Marahaba. Kila indeksi yako inaona upande mmoja tu. Ya latitudo inakuletea mkanda mzima, kuanzia Sengerema hadi Magu. Ya longitudo nayo inateremka kutoka Ukerewe hadi Misungwi. Halafu kanzidata ikae ikutanishe milundo hiyo miwili, wakati wewe unataka kilomita mbili tu za ufukwe.

Kama unatumia PostgreSQL, weka PostGIS (kiongezi chake cha kushughulikia mahali na ramani), kisha hifadhi kila nukta kwenye safu moja ya aina ya geography, inayobeba longitudo na latitudo pamoja, na uijengee indeksi ya GiST. Hii inafuata wazo la R-tree alilolitoa Antonin Guttman mwaka 1984: nukta zilizo jirani zinafungiwa kwenye kisanduku, visanduku navyo kwenye kisanduku kikubwa zaidi. Ukiulizia Mwaloni, kisanduku cha Ukerewe kinarukwa bila hata kufunguliwa. Nukta chache zinazobaki ndizo zinazopimwa umbali.

*GiST ninayo, mbona bado inajikokota? (Nyegezi)*

Nionyeshe ulivyouliza. Nakisia umeandika `ST_Distance(mahali, nilipo) < 2000`. Hapo umbali unapigiwa hesabu rekodi kwa rekodi, na indeksi inakaa bure. Andika `ST_DWithin(mahali, nilipo, 2000)`, hiyo ndiyo hutumia indeksi. Kisha tanguliza EXPLAIN, amri inayoonyesha kanzidata inavyopanga kutafuta. Ukiona Seq Scan kwenye jedwali kubwa, ujue linasomwa lote. Mimi kosa hili lilinila wiki nzima, nikilaumu bando. (Jedwali la rekodi mia mbili liache lisomwe lote, ni haraka zaidi.)

*Mitumbwi yangu inatokea Moroko! (Igoma)*

Umegeuza. Longitudo hutangulia: `ST_MakePoint(32.9, -2.5)`. Tumezoea kutaja latitudo kwanza, ndiyo maana wengi tunanasa hapo.

*Ile 2000 ni mita au digrii? (Buzuruga)*

Kwenye geography ni mita. Kwenye geometry (aina nyingine ya safu, inayohesabu kama dunia ni bapa) yenye SRID 4326, yaani namba ya mfumo wa longitudo na latitudo za GPS, ni digrii, na digrii moja huku kwetu karibu na ikweta ni kama kilomita 111, uende kaskazini au mashariki. Ukiandika 2000 hapo, umeomba dunia nzima, na utaletewa.