Sarafu za Vita vya Msalaba: soma herufi kabla ya kutafuta msalaba

Wewe unayeanza kazi hii, najua jicho lako linatafuta nini kwenye trei: msalaba. Nami nilianza hivyohivyo. Mwezi wangu wa kwanza niliandika kadi ya dinari ya dhahabu ya Kifatimi, yaani ya makhalifa waliotawala Misri zama zile, jina la khalifa al-Amir likisomeka juu yake, nikaiweka kwenye droo ya sarafu za Kiislamu, nikaenda zangu kunywa chai. Kesho yake kadi ilirudi na mstari mwekundu. Kumbe ilifuliwa, yaani ilitengenezwa, na Wanamsalaba, wale Wakristo wa Ulaya waliokuja kupigania Yerusalemu.

Walipoiteka Yerusalemu mwaka 1099, walikuta masoko ya Sham na Misri yanaamini dinari za Kifatimi. Nani angepokea dhahabu asiyoijua? Basi wakaiga, jina la khalifa kwa shahada. Dinari za Kifatimi zenyewe zilifika hata kwetu. Chache zilikutwa na hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984.

Kuzitofautisha, anza na herufi. Mchongaji wa Wanamsalaba mara nyingi hakujua alifu kwa kijiti. Alinakili maumbo tu: lamu imekatika katikati, neno limeishia hewani, mstari mmoja umeingia kwenye mwingine. Kama ulipitia chuoni na bakora ya mwalimu, hapo ndipo inapokulipa. Wenzangu wengi waliosoma Kilatini pekee hupita juu ya kosa hilo bila kuliona.

Kisha tumia maji. Pima sarafu hewani, halafu ipime ikining'inia kwa uzi ndani ya maji, ugawanye uzito wa kwanza kwa tofauti ya hizo mbili. Dhahabu safi hutoa 19.3. Dinari ya Kifatimi hukaribia hapo. Nakala ya Wanamsalaba ilikuwa na dhahabu takriban asilimia 80, baadaye ikashuka chini ya 70, kwa hiyo utapata 16 au hata 15. Futa mapovu kwanza. Povu moja dogo liliwahi kunifanya nimshuku khalifa asiye na hatia.

Ninayoipenda kuliko zote ni dirhamu, sarafu ya fedha, ya mwaka 1251 kutoka Akka, mji wa pwani ya Palestina uliokuwa mikononi mwa Wanamsalaba. Mwakilishi wa Papa, Eudes de Châteauroux, alikuja na Mfalme Louis IX wa Ufaransa, akakuta Wakristo wanafua sarafu zenye jina la Mtume Muhammad na tarehe ya Hijra. Akamshtakia Papa Innocent IV, na Papa akapiga marufuku. Akka wakafanya nini? Kiarabu hawakukiacha, maana wateja walikuwa walewale. Walibadilisha maneno: Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, mwaka wa Masihi umeandikwa kwa maneno, na msalaba mdogo katikati. Soma kwa utulivu; mgeni huishia kwenye hati nzuri akasema ni ya Waayubi, watawala Waislamu waliowafuata Wafatimi.

Zenye maandishi ya Kilatini ni rahisi zaidi, ila usitegemee jina kupata tarehe. Dinari ndogo za Amalric, mfalme wa Yerusalemu, ambazo si za dhahabu, zenye Kanisa la Kaburi Takatifu, ziliendelea kufuliwa kwa jina lake muda mrefu baada ya kifo chake mwaka 1174. Zile za Bohemond III, mtawala wa Antiokia, kichwa ndani ya helmeti, zimejaa tele. Jifunzie hizo, hazitakuumiza mfuko. Sarafu za shaba za Tancred, aliyeitawala Antiokia kabla yake, zina kitu kichwani kinachofanana na kilemba, na wasomi hawajaacha kubishana. Nyingi ziligongwa juu ya sarafu za zamani, kwa hiyo utaona picha mbili zimelaliana. Huo si uchafu. Usisugue!

Nadra kweli ni kama ile ya John wa Brienne, mfalme wa Yerusalemu, yenye neno DAMIATA, kwa kuwa mji wa Damietta, Misri, ulishikiliwa na Wanamsalaba kuanzia 1219 hadi 1221 tu. Ukiuziwa hiyo kwa bei ya chakula cha mchana, tazama ukingo kwa lenzi: bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na mshono na vitundu vya mapovu. Na hata ikiwa halisi, ulizia karatasi za ilikotoka kabla hujatoa hela. Muuzaji akijibu "ya babu yangu" bila hata bahasha kuukuu, irudishe mezani.